Mvua ya Jana na Moto wa Leo

(Mazungumzo na wahitimu wa kisomo, Uru, mwezi wa Agosti)

Tunajua leo ni siku ya soko, na wengine mmeacha ndizi zimefungwa njiani. Hatutawaweka sana.

Juma lililopita mlituomba tuzungumze juu ya utabiri wa hali ya hewa. Mmoja wenu akasema, na darasa zima likacheka: "Redioni wakisema mvua inakuja, mimi naanika buni." Tumelichukua neno hilo nyumbani na kulifikiri. Leo tutalijibu. Lakini tutaanzia upande mwingine, ambao hatujauzoea. Mkulima husikiliza utabiri ili ajue lini apande. Sisi leo tutausikiliza ili tujue lini tusiwashe moto.

Tunasema hivi kwa sababu ya mwezi wenyewe. Masika yalikwisha zamani. Vuli bado. Kuanzia sasa hadi Oktoba, mlima wetu unakauka kila siku kidogo kidogo, hata kama huku chini kihambani migomba bado ni kijani na asubuhi tunajifunika blanketi. Baridi inatudanganya. Mtu akihisi baridi hudhani kuna unyevu. Siyo lazima. Hewa inaweza kuwa ya baridi na kavu kabisa, na huko juu kwenye mlima ndivyo ilivyo mara nyingi.

Hebu tukumbuke. Tarehe 11 Oktoba, 2020, moto ulianza mahali paitwapo Whona, pale wapanda mlima wanapopumzika kati ya Mandara na Horombo. Taarifa za kwanza za hifadhi zilisema ni moto wa wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Moto wa kupasha chakula tu! Kutoka Moshi mjini usiku watu waliona mstari mwekundu mlimani. Mamia ya watu walipanda kuuzima: askari wa hifadhi, wanafunzi wa chuo cha wanyamapori cha Mweka, na wanavijiji wenye mapanga na matawi mabichi. Eneo lililoungua lilikuwa karibu kilomita za mraba 95. Halafu tarehe 21 Oktoba, 2022, moto mwingine ukawaka karibu na kambi ya Karanga, juu ya hapa kwetu na Kibosho, penye mwinuko wa karibu mita 4,000. Safari hiyo hata wanajeshi walipelekwa.

Tazameni tarehe zote mbili. Oktoba na Oktoba. Mwisho wa kiangazi, kabla vuli haijashika. Moto unayo kalenda yake kama kahawa ilivyo na yake.

Wapo watakaosema: moto uko huko juu kwa wageni, sisi unatuhusu nini? Ndugu, unahusu maji tunayokunywa. Wengi wetu tumefundishwa kwamba maji ya Uru yanatoka kwenye barafu ya Kibo. Hata sisi tulifundishwa hivyo shuleni, tukawafundisha wengine. Tumekosea. Barafu inatoa maji machache sana yanayofika kwetu. Maji yanatoka msituni. Moshi mjini mvua ya mwaka haifiki milimita 1,000 kwa kawaida. Ukipanda hadi msitu wa mwinuko wa mita 2,200 hivi upande wetu wa kusini, inapita milimita 2,000. Na juu zaidi ya hapo kuna kazi nyingine inayofanyika kimya kimya. Ukungu unapanda, unapita kati ya miti yenye majani ya kuning'inia kama ndevu za mzee, unashikwa na zile ndevu, unageuka matone, yanadondoka chini. Mliokwenda huko zamani mnajua: unaweza kulowa chapachapa na wala hakuna mvua.

Mtaalamu mmoja Mjerumani, Andreas Hemp, ameichunguza mimea ya Kilimanjaro kwa miaka mingi. Mwaka 2005 alieleza kwamba katika miaka thelathini hivi mlima ulipoteza kilomita za mraba 150 za msitu huo wa ukungu kwa sababu ya moto. Akasema pia jambo la kushangaza. Watu hudhani dunia ikipata joto, miti itapanda juu kufuata baridi. Kwetu mpaka wa juu wa msitu umeshuka, tena mamia ya mita, kwa kuwa moto unaula kutoka juu. Kwa hiyo mfongo wako ukipungua maji, usiangalie barafu tu. Angalia na ule weusi uliobaki chini ya barafu.

Sasa turudi kwenye utabiri, na ndugu yetu wa buni.

Kila mwaka mwishoni mwa Agosti, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli. Redioni utasikia maneno kama "mvua za wastani", "chini ya wastani", "juu ya wastani". Wengi tunasikia "chini ya wastani" tukadhani wamesema hakuna mvua. Ikinyesha siku mbili tunasema wamedanganya. Hawakudanganya. Sisi ndio hatukuelewa neno.

Wastani ni nini? Chukua mvua za vuli za miaka 30. Ziandike, ukianza na mwaka uliopata mvua kidogo kuliko yote hadi mwaka uliopata nyingi kuliko yote. Gawa mafungu matatu ya miaka kumi kumi. Fungu la kwanza ndilo chini ya wastani, la katikati ni wastani, la mwisho ni juu ya wastani. Basi. Chini ya wastani maana yake vuli inafanana na ile miaka kumi mikavu. Mvua inaweza kunyesha, lakini haba, au ikachelewa, au ikaja siku tatu kwa kishindo kisha ikaondoka.

Tena, mtabiri haapi. Anasema uwezekano. Wataalamu wa nchi zetu za Afrika Mashariki na Pembe ya Afrika wamekuwa wakikutana tangu mwaka 1998 kutayarisha utabiri wa kanda nzima, na ramani zao huonyesha uwezekano kwa asilimia. Tufanye mfano na maharage. Tunatia kikapuni punje 20: nyekundu 9 ni chini ya wastani, za kijivu 7 ni wastani, nyeupe 4 ni juu ya wastani. Fumba macho, chomoa moja. Mama aliyechomoa hapa mbele ametoa nyeupe, nanyi mmecheka tena. Sawa. Je, kikapu kimesema uongo? Rudisha punje, chomoa tena mara nyingi, utaona nyekundu inatoka mara nyingi zaidi. Mtu mwenye busara anajiandaa kwa nyekundu huku akijua nyeupe imo.

Na mara nyingine kikapu kinaonyesha vizuri sana. Bahari ya Pasifiki ikipoa katikati yake, hali ambayo wataalamu wanaiita La Nina, mara nyingi vuli yetu huwa haba. Ilikuwa hivyo 2020. Ilikuwa hivyo 2022, na mwaka huo utabiri wa vuli ulisema mvua chini ya wastani hadi wastani kwa sehemu kubwa. Ulitangazwa wiki kadhaa kabla ya moto wa Karanga. Mwaka 2023 ikawa kinyume: El Nino, wakatabiri mvua nyingi, na mvua kubwa zikaja, tukazilalamikia vile vile. Kwa hiyo habari ya moto huwa iko redioni mapema, kabla moshi haujaonekana, ila haiitwi kwa jina hilo. Inaitwa utabiri wa vuli.

Hapa inabidi tuwaambie habari isiyotupa sifa. Mwaka mmoja, mwezi wa Februari, sisi tunaozungumza nanyi tulikuwa tukisafisha shamba letu la chini, kule tambarare. Jumatatu manyunyu yalipita. Jumatano asubuhi tukachimbua udongo kwa kidole, tukaona una unyevu. Tukajiambia, leo ni siku salama ya kuchoma mabua. Saa nne tukawasha. Saa sita upepo ukaamka. Moto ukaruka njia ya miguu, ukaingia kwenye majani ya jirani, ukala ua wake na mizinga miwili ya nyuki, ukaelekea zizi la mbuzi. Mtoto wa jirani, wa darasa la nne, ndiye aliyewafungulia mbuzi. Angechelewa kidogo, sijui tungesema nini leo. Jioni tulikwenda kwa jirani na jani la isale mkononi, kama ilivyo desturi yetu ya kuomba radhi. Alilipokea. Mizinga tulilipa. Lakini yule mtoto mpaka leo akituona na kiberiti hutuangalia kwa jicho fulani.

Kosa letu lilikuwa wapi? Tuligusa udongo. Udongo hauwaki, jamani! Kinachowaka ni jani lililo juu ya udongo, na jani lilikuwa limekwisha sahau mvua ya Jumatatu.

Baadaye tukajifunza kwamba wako watu walioipima hali hiyo kwa hesabu. Ni Kanada, nchi iliyo kaskazini ya Marekani. Sehemu zake za kaskazini kabisa zina theluji miezi mingi. Halafu majira ya joto yanafika, Juni hadi Agosti, jua karibu halizami, na misitu ya miti jamii ya misonobari inakauka. Radi ikipiga, moto. Mwaka 2023 iliungua misitu ya hekta milioni 15 hivi, karibu mara 90 ya Hifadhi yetu yote ya Kilimanjaro. Agosti ya mwaka huo watu wapatao 20,000 wa mji wa Yellowknife waliamriwa kuondoka, wakaondoka kwa magari na ndege.

Hao Wakanada, kila siku adhuhuri, wanapima vitu vinne: joto, unyevu wa hewa, upepo, na mvua ya saa 24 zilizopita. Vinne tu. Kutokana na hivyo wanakadiria ukavu wa matabaka matatu ya msitu. Hili ndilo tunaloomba mlishike leo, hata mkisahau mengine.

Tabaka la kwanza ni la juu kabisa: nyasi, majani makavu, vijiti. Hili hukauka upesi mno. Kwa hesabu yao, katika saa 16 hivi za hali ya ukavu linapoteza theluthi mbili ya unyevu wa ziada. Mvua isiyofika nusu milimita hawaihesabu kabisa, ni kama haikunyesha. Hapa ndipo sisi tuliponaswa.

Tabaka la pili ni majani yaliyolaliana na kuanza kuoza, kina cha sentimita 7 hivi. Linahitaji karibu wiki mbili kukauka kiasi hicho. Mvua ya chini ya milimita moja na nusu haifiki kwake, inaishia juu.

Tabaka la tatu ni mboji nzito ya chini, sentimita 10 hadi 20. Linakauka polepole, zaidi ya siku 50. Lakini likishakauka, ndugu zangu, ni taabu. Mvua ndogo ya chini ya karibu milimita 3 hailigusi. Moto ukiingia humo hauna mwali. Unatafuna chini kwa chini kama mchwa, kisha unachomoza mahali pengine mlipodhani mmekwisha zima. Kule Kanada moto wa namna hiyo huweza kujificha chini ya theluji majira yote ya baridi na kutokea tena mwaka unaofuata. Waliowahi kuzima moto mlimani kwetu wanajua kisa hicho. Unazima leo, unashuka, kesho unaitwa tena.

Namba hizi ni za misitu yao. Jua letu ni kali, na huko juu tuna vichaka vya erika, vile vyenye majani madogo kama sindano, ambavyo huwaka hata vikiwa vibichi. Kwa hiyo saa na siku hazitalingana sawasawa. Mpango ni ule ule: majani yana kumbukumbu fupi, mboji ina kumbukumbu ndefu. Mwezi wa Oktoba matabaka yote matatu yanakuwa yamekauka kwa pamoja. Manyunyu ya siku moja yanalowesha lile la kwanza tu, na siku ya pili jua likitoka, hatari imerudi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana tunawasihi, msimpe mtu ruhusa ya kuwasha moto kwa sababu "jana ilinyesha". Muulizeni: ilinyesha milimita ngapi?

Mzee mmoja aliwahi kutuambia kwamba mlima ukiungua, mvua huja. Tulimheshimu, hatukubishana naye mbele ya watu. Lakini tuseme hapa. Moto mkubwa huwaka mwisho wa kiangazi, na mwisho wa kiangazi ndio mwanzo wa mvua. Lazima vifuatane! Jogoo huwika, kukakucha. Hakuna anayesema jogoo ndiye aliyelileta jua. Jogoo akichinjwa usiku, asubuhi inafika tu. Na msitu usipoungua, vuli itafika tu, tena itakuta ndevu za miti zipo za kuishika.

Lakini wazee wana elimu yao ambayo hatutaki kuitupa. Wao hutazama mlima. Kwa kawaida asubuhi Kibo iko wazi, kisha ukungu unapanda kutoka msituni na kuifunika. Mlima ukikaa wazi mchana kutwa, siku nyingi mfululizo, maana yake unyevu haupandi, na ile kazi ya ukungu imesimama. Hilo ni sawa na kipimo cha Wakanada, na halihitaji mashine. Andikeni katika daftari: mlima wazi, siku ya ngapi.

Sasa basi, mambo ya kufanya, kabla hatujaachana.

Mwaka 1980, baadhi yenu mkiwa vijana, kulikuwa na kampeni ya redio ya elimu ya watu wazima iliyoitwa "Misitu ni Mali". Watu walikusanyika kwenye redio wakasikiliza, kisha wakajadili na kuamua. Mama mmoja hapa bado anacho kitabu chake, kimeliwa na panya pembeni lakini kinasomeka. Tunapendekeza turudi kwenye mtindo huo. Utabiri wa vuli ukitoka mwishoni mwa mwezi huu, tuusikilize pamoja hapa darasani, na siku hiyo hiyo tuamue. Ukisema chini ya wastani, kijiji kiandike tarehe za kutochoma, shambani na kandokando ya msitu, mpaka kopo letu lionyeshe mvua ya maana. Msituni kwenyewe hatuongei, ni hifadhi tangu 2005 na hakuna ruhusa ya kuwasha.

Warina asali tunawajua, tunakaa nao, na asali yao tunainunua. Hatuwasemi vibaya. Mwenge unaodondoka chini ya mzinga mwezi wa Oktoba unadondoka juu ya matabaka matatu makavu. Warine usiku wenye umande, waende wawili, mmoja abebe maji na asifanye kazi nyingine ila kutazama cheche. Akina mama wanaotupa majivu nyuma ya nyumba, myamwagie maji kwanza. Kaa hukaa hai ndani ya jivu siku nzima.

Na ikiwa moto umekwisha toka, na mmeitwa kuuzima, kumbukeni jambo moja la uhai. Moto hupanda mlima mbio kuliko unavyoshuka, kwa kuwa mwali unaegemea majani ya juu na kuyakausha kabla haujayafikia. Msisimame juu yake. Mchana upepo hupanda kutoka bondeni, usiku hushuka kutoka juu, kwa hiyo jua linapozama moto unaweza kugeuza njia. Vijana wengi wana nguvu na moyo, lakini hili hawalijui. Waambieni leo jioni.

Kuhusu kopo. Tumechukua kopo la maziwa lenye pande zilizonyooka, mdomo sawa na kitako, tukalifunga kwenye nguzo nyuma ya darasa, mbali na mti na paa. Hakuna hesabu ngumu. Chovya rula hadi chini, soma maji yamefika wapi: milimita 2 kwenye kopo ni mvua ya milimita 2, ambayo ni lita 2 kwa kila mita moja ya mraba ya shamba lako. Kopo likiwa limelowa tu, maji hayapimiki, andika sifuri na neno "limelowa". Usiongeze namba kwa huruma. Likipimika, andika, kisha mwaga. Tunasoma kila siku saa tatu asubuhi, ile ile saa ambayo vituo vya hali ya hewa vinapima, ili tukitaka tulinganishe.

Zamu ya juma hili ni ya kundi la Shimbwe. Usiku tulisikia matone kidogo juu ya bati, na wengine mmekwisha anza kusema mvua imekuja. Saa tatu ndiyo hii inafika. Rula iko kwa nani?